Mwandiko wa Siri katika Ghala la Asali

Jumatatu, 31 Julai 1978

Nimefungua ghala la kijiji saa mbili kamili asubuhi. Jumamosi niliacha madebe kumi na manne ya asali. Leo yapo kumi na mawili. Nimehesabu mara tatu, mara ya mwisho nikianzia upande wa pili. Kumi na mawili!

Kufuli halijavunjwa. Dirisha halijaguswa, kwa sababu ghala halina dirisha. Ufunguo ni mmoja tu Tanzania nzima, nao hulala kwenye msumari sebuleni kwangu, mahali wanapopita watu wa nyumbani peke yao. Watu wa nyumbani nimewatoa kwenye orodha. Kwa hiyo mwizi ni mtu wa nje, tena mwenye akili nyingi.

Pale yalipokuwa madebe mawili, juu ya jani bichi la mgomba, pamewekwa kipande cha ubao, nusu ya duara. Kimechomwa alama kwa chuma cha moto. Mistari mitatu mifupi. Panda yenye vidole vitatu. Nusu ya mviringo, iliyokatika pale ubao ulipopasuliwa. Mwizi wa kawaida haachi kitu. Huyu kaacha, tena kwa heshima ya jani, kama anayeandaa mlo. Huu ni ujumbe wa fumbo!

Nimekifunga kwa gazeti, gazeti kwa kanga ya Maximilla, mke wangu, na kanga nimeifungia sandukuni. Hakuna atakayekiona mpaka nimekisoma. Ushahidi ukitazamwa na wengi hupungua.

Nimetoa taarifa kwa Ndugu Pasikali, Mwenyekiti wa Kijiji. Hakuacha hata kula muhogo wake. Akasema mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Nikija na mwizi, vizuri. Nikija mikono mitupu, ufunguo atapewa Abbasi.

Abbasi! Fundi cherehani! Darasa la nne!

Bila ufunguo nitarudishwa shamba la kijiji kung'oa visiki. Tangu niwe Mtunza Ghala sijashika jembe, mwaka wa pili huu na miezi mitatu. Viganja vyangu vimekuwa vya mtu aliyesoma. Sikubali kuvipoteza kwa ajili ya madebe mawili.

Nilipokuwa narudi, Abbasi alinipigia kelele kutoka kwenye cherehani yake. Ati nisihangaike, Bwana Ghala, asali ilitoka kwa nyuki, huenda imeruka kurudi kwao. Wateja wake wote wawili walicheka. Nimeandika majina yao.

Jumanne, 1 Agosti

Siku nzima ya uchunguzi. Mlango nimeubana kwa kigoda.

Vipimo: sentimita ishirini na mbili kwa kumi na moja. Uzito kwenye mizani ya ghala: gramu mia tatu na kumi. Harufu: moshi na nta. Ladha: nta. Upande wa nyuma umelainika kama kitu kilichoshikwa miaka mingi. Mwandishi si mwanafunzi. Mkono wake hautetemeki.

Nimekitazama kupitia kitako cha chupa ya mafuta ya taa. Alama zimekuwa kubwa lakini hazijasema zaidi.

Usomaji wangu wa kwanza: mistari mitatu ni saa tatu. Panda ni njia panda. Nusu mviringo ni mwezi mchanga. Yaani, "Tukutane saa tatu njia panda mwezi ukiandama." Mwezi unaandama mwishoni mwa wiki hii, na Waislamu wanaanza kufunga. Abbasi ni Mwislamu! Anahitaji asali kwa futari! Nimeupigia mstari mara mbili.

Halafu nimekumbuka kwamba kijiji chetu hakina njia panda. Njia ni moja tu, na inaishia ghalani.

Maximilla aligonga akitaka kanga yake. Kupitia mlangoni akasema kama ni ubao wenye alama, kwa nini nisimwonyeshe mama yangu, maana wazee wanajua mengi. Nilimjibu kwamba mimi ndiye niliyepelekwa shule ya misheni nikiwa na miaka saba, mama yangu hakupelekwa. Akasema ndiyo maana. Sikuelewa alimaanisha nini na sikuuliza.

Nyuki watatu wameingia chumbani. Wameketi juu ya sanduku. Nimewafukuza kwa katiba ya ushirika.

Jumatano, 2 Agosti

Nimekwenda Kibondo mjini kwa baiskeli kumwona Mzee Hamis, aliyekuwa karani wa simu za maandishi enzi za mkoloni na sasa anauza chumvi. Nilimwonyesha mistari peke yake, mengine nimeyafunika kwa kidole gumba.

Alivaa miwani. Alipigapiga mezani kwa ukucha, taa, taa, taa. Akasema kwa mitambo ya simu, mistari mitatu ni herufi O.

Nikauliza, O nini? Akasema O tu.

Nikauliza ujumbe wa herufi moja una maana gani. Akasema katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kupokea ujumbe mfupi hivyo, ila kama ningenunua chumvi angeendelea kufikiri. Nimenunua kilo mbili. Hakufikiri zaidi.

Nimerudi na kumkuta mama yangu uani, ameketi na kiko chake. Huyu mama yangu, Esteri, hunijia kila wiki kwa jambo lilelile. Mwezi uliopita kijiji kilituma warina asali kwenye msitu wa mahame yetu, kule tulikoishi kabla ya kuhamishiwa kijijini mwaka 1974. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa msafara. Warina walirina mizinga yote, na mimi nikaandika yote kuwa haina mwenyewe, kwa sababu haikuwa na jina wala namba, ila mikwaruzo. Mama anashikilia kwamba kumi na mmoja kati ya hiyo ni ya marehemu baba. Juma lililopita nilichoka. Nilimwambia bila maandishi hakuna madai. Alete barua, nakala mbili, moja ya ofisi na moja ya mdai.

Leo kaja kuuliza kama nimeipata barua yake.

Nimemwambia sijaona barua yoyote. Akavuta kiko. Akaniuliza kama nina hakika nimetazama vizuri. Nilimwambia, kwa upole, kwamba nina uchunguzi mzito na barua za wazee zisubiri. Akasema haya, mwana wanje, yaani mwanangu, atasubiri mpaka Jumamosi.

Mzee hajui kusoma wala kuandika, anaulizia barua! Umri huu.

Alhamisi, 3 Agosti

Kasulu. Nimepanda lori la maharage alfajiri, ushahidi kifuani chini ya shati.

Kosa langu moja: jua. Tulipokaribia Makere nta ilianza kulainika. Nyuki wa kwanza alifika kabla ya daraja. Baada ya daraja sikuhesabu tena. Abiria mama mmoja aliuliza kwa sauti kama huyu baba amevaa mzinga. Dereva alisimamisha lori, abiria wote wakaruka, na mimi nikabaki juu ya magunia nimekaa wima kama afisa, nikisisitiza kwamba ni mambo ya serikali ya kijiji. Nimeumwa mara tisa. Jicho la kushoto limefungwa. Nyaraka ni salama.

Mjini nilikwenda kwa Khatibu, mfanyabiashara wa asili ya pwani, anayesoma maandishi ya Kiarabu na mkono wake ni mwema kwa kuandika. Duka lilijaa watu wanaonunua tende na mchele kwa ajili ya mfungo. Nilimvuta pembeni, nikafunua kanga.

Aliugeuza ubao mara nne. Akasema hii si herufi ya dini yoyote. Kisha akaunusa, akasema, "Ndugu yangu, hiki ni nusu ya kifuniko cha mzinga. Mimi hununua nta, nimeviona vingi. Hii alama ni ya mwenye mzinga. Muulize mrina asali yeyote kwenu, atakutajia hata jina la babu yake."

Nikamuuliza yeye anamtaja nani. Akasema atajuaje, yeye mtu wa Kasulu! Akauliza kama nauza hiyo nta au natembea nayo hivyo hivyo mjini nimevimba.

Nimetafakari njia nzima ya kurudi, nikiwa nimekaa peke yangu upande mmoja wa lori, wengine wote upande wa pili.

Alama ya mwenye mzinga! Kumbe mwizi kajitia saini mwenyewe! Sasa, nani kijijini ana mizinga, ana tamaa, ana haja na asali wiki hii, na anataka ufunguo wangu? Abbasi. Sihitaji kumuuliza mrina yeyote. Ukimuuliza mrina, kesho Abbasi kajua. Hatua hiyo ya Khatibu nimeiruka.

Ijumaa, 4 Agosti

Mpango umekamilika. Ni mzuri kiasi kwamba nimeusoma mara mbili kwa sauti.

Hatari ni moja: Abbasi anapendwa. Kashonea nusu ya kijiji sare za shule kwa mkopo unaolipwa kwa kuku. Nikimtaja kwanza, watu watamhurumia. Kwa hiyo azimio lipite kwanza, jina baadaye. Wakishanyoosha mikono hawawezi kuishusha.

Nimeliandika azimio kwa wino. "Mwenye alama iliyoachwa ghalani, awe nani, (a) atarudisha madebe mawili, (b) yeye na watu wote wa nyumba yake hawatashika ufunguo wowote wa kijiji kwa muda wa miaka kumi." Hilo la miaka kumi ni langu. Nilianza na mitano. Nikafikiria kicheko chake.

Mwenyekiti Pasikali alisoma polepole. Akauliza kama ningependa kuwaonyesha wajumbe hiyo alama kabla ya kupiga kura. Nikasema ni siri ya uchunguzi. Akauliza kama nina hakika. Kwa nini wiki hii kila mtu ananiuliza kama nina hakika? Nikasema ninaiweka dhamana kazi yangu. Akasema sawa, hiyo tayari ipo mezani.

Nilipita mbele ya cherehani makusudi. Abbasi aliniuliza jicho limefanya nini. Nikamwambia kesho atajua. Akasema pole, na akanipa kipande cha pamba chenye maji ya chumvi. Ujanja wa mwizi hauna mwisho.

Maximilla amenipikia samaki, migebuka, na ugali wa muhogo. Kwa mara ya pili akaniomba nimwonyeshe mama huo ubao. Nilimwambia mwanamke hatunzi siri. Akatoa migebuka mezani kabla sijamaliza.

Jumamosi, 5 Agosti

Naandika kwa utulivu. Nitaeleza mambo kwa mpangilio yalivyotokea.

Kijiji kizima kilifika. Nilivaa shati jeupe. Azimio lilisomwa. Mikono ilinyooshwa, wote, pamoja na Abbasi (ujasiri wa ajabu!) na mama yangu, aliyeketi mbele na kitu kilichofungwa mapajani. Mimi nilinyoosha mikono yote miwili. Limepita bila kupingwa.

Ndipo nikafunua kanga, nikauinua ubao juu ya kichwa changu, nikasema, "Tazameni! Mwizi ametia saini!"

Kisha upande wa wanawake mtu akacheka. Bibi mmoja mwenye jicho moja, aliyekaa mstari wa mwisho kabisa chini ya paa la ghala, alisema kwa sauti, "Yoo! Umeugeuza juu chini, mwana wa Kagoma!" Nikaugeuza. Mkutano wote ukanguruma kwa pamoja, "Kagoma!"

Hilo ni jina la baba yangu.

Ni alama yake: meno matatu na unyayo wa ndege. Kila mtu aliisoma. Wazee waliisoma. Wasichana wanaochota maji waliisoma. Niyibizi, aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, na ambaye baba yangu hakuwahi kumwona, aliisoma kutoka alipokaa, kwa kuwa aliwahi kurina mizinga hiyo. Mwenyekiti alinisihi niutajie mkutano jina la baba yangu kwa ajili ya kumbukumbu. Nikalitaja.

Mama akasimama. Akafungua kifurushi chake. Nusu ya pili ya kifuniko! Alinijia, akaziunganisha nusu mbili mkononi mwangu, na mviringo ukatimia. Akasema nilimtaka maandishi, naye kaandika kama baba yangu alivyoandika. Nakala moja ya ofisi, nakala moja yake. Juma zima anangoja jibu.

Mwenyekiti akaniuliza kama sikujua desturi ya mahame. Anayechukua kilicho chake mahali pa watu wengi huacha alama yake juu ya jani, ili asiwepo mtu wa kuitwa mwizi. Watu wakaitikia kama kanisani. Mama alieleza kwamba ufunguo aliutoa kwenye msumari Jumapili mchana, nikiwa nimelala nimefungua mdomo, akaurudisha kabla sijageuka ubavu. Madebe aliyabeba na Maximilla.

Maximilla!

Nilipinga. Nilisema kama ni barua, haina tarehe wala muhuri. Mtu mmoja alicheka mpaka akasaidiwa kukaa.

Maamuzi ya mkutano. Kipengele (a) kimefutwa, maana mtu haibi chake. Tena kwa mizinga kumi na mmoja madebe mawili ni machache, mama kaongezewa la tatu. Niliomba na kipengele (b) kifutwe. Mwenyekiti akasema hicho hakiwezekani, kimepita kwa mikono, miwili kati yake ni yangu. Mimi ni mtu wa nyumba ya Kagoma. Miaka kumi.

Ufunguo amepewa Abbasi. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema, "Pole, Bwana Ghala," na wala hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Tena mkaguzi wa ushirika akija atampokea yeye, na mabuti mapya anayopewa Mtunza Ghala yatakuwa yake.

Jumapili, 6 Agosti

Mama kaniletea bakuli la asali ya baba. Alikaa akinitazama ninavyokula, kiko mdomoni. Nilipomaliza akaniuliza kama nataka anifundishe alama za ukoo zote, ziko kama thelathini, haichukui siku mbili. Nikamwambia nina elimu ya kutosha.

Asali ni nzuri sana. Haibadilishi hoja.

Jumatano, 9 Agosti

Visiki. Siku ya tatu. Viganja vimepasuka sehemu nne. Kiongozi wa kundi letu ni yule bibi mwenye jicho moja, mwenye miaka sabini, ananipita kila mstari. Ananiita "Karani" na kuniambia kisiki hakisomwi, kinang'olewa.

Nimelifikiria upya suala zima. Uchunguzi haukuwa na kasoro. Vipimo vilikuwa sahihi. Usiri ulikuwa kamili. Kilichoniangusha ni kumhusisha mama kwenye jambo la kiofisi. Safari nyingine nitafanya kazi peke yangu tangu mwanzo, na nitachukua hatua kabla ya kwenda mkutanoni.

Ijumaa, 11 Agosti

Jambo zito! Naandika haraka.

Niliporudi kutoka shambani mchana nimekuta kwenye mlango wangu, kwa chaki nyeupe, mwandiko wa fumbo. "017/6." Nikatazama mlango wa jirani. "018/4." Wa Abbasi, "019/9." Nyumba zote, hadi ghalani! Hakuna mlango uliobaki.

Maximilla alianza kueleza kitu kuhusu watu wawili wenye mifuko waliopita asubuhi, na mambo ya redio, na kuhesabiwa taifa zima mwisho wa mwezi, na kwamba walikuwa na shughuli hiyo kwa siku nne, kijiji kwa kijiji, kwa miguu. Nilimkatiza. Mke aliyebeba madebe hawezi kuwa shahidi.

Nimechunguza. Namba ya kwanza inapanda moja moja. Ya pili haina utaratibu: sita, nne, tisa, mbili. Kwangu ni sita, nasi tuko sita nyumbani. Kwa Abbasi ni tisa, nao wako tisa. Maana yake wanajua idadi ya watu katika kila nyumba! Nani anataka kujua jambo kama hilo, kama si mtu mwenye nia mbaya?

Sikumwonyesha mtu. Sikuuliza mtu. Sikungoja mkutano. Watu wote walikuwa bado shambani, na mimi nilisingizia tumbo. Nimechukua ndoo na kitambaa, nimefuta milango yote, mmoja baada ya mwingine, nyumba sitini na tatu pamoja na ghala. Sijaacha hata nukta. Mikono inaniuma, lakini kijiji kipo salama, na kwa mara ya kwanza kazi nimeimaliza bila msaada wa mama.

Sasa hivi namwona Ndugu Mwenyekiti akipanda njia kuja kwangu, pamoja na watu wawili wenye mifuko. Wanakimbia. Mmoja ameshika kichwa kwa mikono miwili. Habari zimewafikia upesi.

Miaka kumi ilikuwa mingi mno, nami nilijua watalitambua hilo. Navaa shati jeupe.